Mkono Juu ya Gia

Katika nyumba ile chombo hakivunjwi na mtu, huvunjwa na mkono wa mama. Sahani ikiteleza kwenye sinki, mkono wa mama. Kitasa kikigoma, mkono wa mama huo. Hata siku ile mvua ya mawe ilipopasua kioo cha dirisha la sebuleni, baba wa nyumba hiyo alitazama juu akasema, "Kumbe mkono wa mama unafika mpaka huko," na wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama naye alicheka. Alikuwa anacheka mwaka wa kumi na tisa sasa, na mtu anayecheka hivyo nani atamuuliza kama anafurahi?

Usemi huo aliutunga mumewe, mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa mtaani humo madereva walikuwa tele. Jina alilistahili. Alimwendesha mkurugenzi mmoja baada ya mwingine kwa miaka thelathini na mmoja bila kukwaruza hata bampa, akastaafu na cheti na saa ya ukutani; gari alikuwa nalo tangu miaka mingi kabla ya hapo. Gari lenyewe lilikuwa dogo la zamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo, usukani mwembamba na gia nne za mkono. Ofisi ilipoona limezeeka yeye aliona limekomaa, akalichukua. Asubuhi aliliosha kabla hajanawa uso. Mkewe aliliita "mke mwenzangu", na tuseme ukweli, mke mwenza huyo alipakwa mafuta mara nyingi kuliko yeye.

Zamani mama huyu alikuwa na leseni. Aliipata kwa jaribio la kwanza, jambo ambalo mumewe hakulipenda sana, maana yeye aliipata kwa la pili. Mama alikuwa fundi wa mapazia, na wateja wake walikuwa upande wa pili wa mji. Kwa miezi saba aliendesha mwenyewe, marobota ya vitambaa nyuma, fimbo za pazia zikichungulia dirishani. Kisha jioni moja, akikata kona kuingia getini, gia ya pili ikakwaruza. Ilikwaruza mara moja tu, lakini kwa sauti, na barazani walikuwa wameketi madereva wanne wa ofisini, wageni wa Dereva, vikombe mkononi. Dereva aliinuka. Alitembea pole pole mpaka kwenye mlango wa gari, akaufungua, akanyoosha kiganja.

"Funguo."

"Imekwaruza kidogo tu, baba."

"Una mkono mzito, mama. Hili ni gari, si kinu."

Wageni wakacheka. Mama akatoa funguo, akashuka, akaingia ndani kuongeza chai. Tangu siku hiyo funguo zililala mfuko wa shati la Dereva, na kazi ya mapazia ikanywea mpaka ikabaki ya majirani, maana "nitakupeleka nikipata nafasi" ni ahadi ambayo haijawahi kushona pazia la mtu.

Basi, miaka ikaenda, na giaboksi ikaanza maradhi. Dereva akiwa kwenye mwendo mzuri, gia ya nne inaruka yenyewe, gari linanguruma bila kwenda. Kisha ya tatu nayo ikaiga. Yeye hakusumbuka kutafuta chanzo. "Ugonjwa wa zamani huo," aliwaambia watu. "Mkono wa mama ulipanda, sasa tunavuna." Mwaka huu gia zikakataa kabisa kushika, akatafuta giaboksi nyingine ya gari la aina ile ile, akaipata kwa muuza vyuma chakavu mmoja, nzima, imejaa vumbi. Kupeleka gereji hakutaka. Gari lile lisingeshikwa na mikono asiyoijua. Likapandishwa juu ya stendi nne kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, na aliyeitwa kusaidia ni shemeji yake, mdogo wake mama, fundi wa magari aliyekuwa mpole kwa nati na mkali kwa watu.

Siku ya kwanza walitoa ile mbovu. Walimwaga mafuta kwenye beseni, wakafungua shafti inayokwenda magurudumu ya nyuma, wakachomoa stata na waya wa spidi, wakaikinga injini kwa jeki na kipande cha ubao isije ikainama. Mkono wa gia waliufungulia kutoka ndani ya gari. Kile kirungu chake cheusi cha juu kilikuwa kimechorwa namba za gia, lakini namba zilishafutika zote, kimebaki kinang'aa kama kokwa lililomumunywa. Shemeji alikigeuza geuza mkononi, akamtazama Dereva, akakiweka kitini. Kisha wakalala chini, kila mmoja na upande wake wa bolti, wakashusha giaboksi wakiipokea vifuani kama watu wanaomshusha mgonjwa kitandani.

Shemeji alitaka kuendelea na ile nzima. Hapo ndipo Dereva alipojitia kitanzi kwa mkono wake mwenyewe.

"Subiri. Tuifungue kwanza hii mbovu."

"Ya nini? Hii ni ya kutupa."

"Nataka dada yako aone kwa macho yake. Miaka yote anacheka tu, anadhani natania." Akaita kuelekea jikoni, "Mama! Njoo uone kazi ya mkono wako!"

"Nina unga mikononi," sauti ikajibu. "Nanawa, nakuja."

Shemeji akashusha pumzi, akafungua kifuniko. Akaosha vyuma vya ndani kwa mafuta ya taa na brashi, kimoja kimoja, akavipanga juu ya gunia. Dereva alichuchumaa karibu, ameshika magoti, uso wa mtu anayengojea hukumu ya kesi aliyokwisha kuishinda.

"Hii ya kwanza," shemeji akasema. "Hii ya pili. Ndiyo aliyokuwa anaikwaruza dada, si ndiyo?"

"Hapo hapo."

"Tazama meno."

Dereva akatazama. Meno yalikuwa mazima, makali, hayana hata pengo. Akachukua kitambaa akayafuta, kana kwamba ubaya ulikuwa umejificha chini ya mafuta. Hayakubadilika.

Ndipo shemeji alipotoa kipande kingine, uma mdogo wa chuma wenye mdomo kama nusu ya pete, ule unaosukuma gia ya tatu na ya nne kwenda mbele na nyuma. Upande mmoja ulikuwa mnene kama kidole. Upande wa pili umelika, umebaki mwembamba kama ukucha.

"Huu ndio uliokuwa unaachia gia," akasema. "Na huu hauliwi na kukwaruza. Huu unaliwa na uzito. Mtu anaendesha, gia imeshaingia, lakini mkono hauondoi. Unakaa pale juu, unakandamiza, kilometa kwa kilometa. Huku ndani chuma kinasagana na chuma." Akauweka juu ya kiganja cha Dereva. "Dada aliendesha miezi saba, kwenda sokoni na kwa wateja, barabara za matuta. Ya nne aliiona wapi?"

Dereva alikuwa akiutazama mkono wake. Miaka thelathini na mmoja ule mkono haukuwa na mahali pengine pa kukaa. Mmoja usukani, mmoja gia, ndivyo alivyowafundisha hata madereva wapya wa ofisini: kaa tayari, dereva mzuri haachi gia yake. Aliona ni madaha ya kazi. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, mkono ulikuwa pale. Joto lilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, na nyani yule asiyeona kundule, ambaye alikuwa akiwasimulia watu kila siku, akamjia na sura yake mwenyewe.

"Haya, nimekuja kuona kesi yangu," mama akasema. Alisimama mlangoni mwa banda akifuta mikono kwa khanga.

Lazima niseme kilichofuata, ingawa ningekuwa ndugu yake ningekiruka. Dereva alifumba kiganja, akauingiza ule uma kwenye mfuko wa ovaroli.

"Hakuna kitu," akasema. "Ni uzee tu. Chuma kimechoka."

"Kwa hiyo si mimi?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi mbele yake, hata komeo halikuwepo. Neno moja tu lingetosha. Akakohoa.

"Ah, mama, mambo haya ni mengi. Kila mtu kachangia chake."

Mama akacheka kicheko kile kile. "Mkono wa mama," akasema mwenyewe, akamsaidia. Akaokota vikombe vitupu vya chai, akarudi jikoni.

Shemeji alifunika vyuma kwa gunia, akangoja mpaka nyayo za dada yake zilipopotea.

"Shemeji," akasema hatimaye, "aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mimi nimeosha, nimeona, na nitanyamaza."

"Ahsante, shemeji."

"Usinishukuru. Sinyamazi kwa ajili yako. Akiyasikia kwangu, utakuwa umemnyima hata kuyasikia kwako." Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mezani Dereva hakula vizuri. Ule uma ulimchoma paja kila alipojisogeza, maana alikuwa hajathubutu kuuweka popote. Mkewe alimletea maji. Akaitua glasi mezani kwa mikono miwili, taratibu, mmoja chini mmoja ubavuni, akangoja isimame vizuri kabla hajaiachia. Kisha bakuli, kwa mikono miwili. Kisha hata kijiko. Dereva akaacha kutafuna. Tangu lini? Siku zote alidhani ni adabu, akiwasifia hata wageni: mke wangu ana heshima, hakupi kitu kwa mkono mmoja. Sasa aliona waziwazi kwamba yule mwanamke alikuwa anajilinda na mikono yake mwenyewe, kama mtu anayetembea na mtoto mtundu kwenye duka la vioo. Akalisukuma tonge kwa maji yale yale.

"Chumvi imezidi?" mama akauliza.

"Hapana. Iko sawa."

"Maana mkono huu nao..."

"Nimesema iko sawa," akasema, kwa ukali usio na sababu, na hapo akajichukia zaidi.

Asubuhi, Jumapili, shemeji alirudi. Waliinyanyua giaboksi nzima kwa jeki na ubao, wakaitikisa, wakaigeuza kidogo, wakaisukuma mpaka ikaingia mahali pake kwa mlio mmoja mnono. Wakafunga bolti, shafti, stata na mkono wa gia, wakajaza mafuta. Shemeji hakuzungumza ila "lete spana kumi na saba" na "shika hapo". Ikabaki kurekebisha klachi, kazi ya watu wawili, mmoja chini akikaza nati ya waya, mwingine ndani akikanyaga. Shemeji akafuta spana zake, akazifunga kwenye kitambaa.

"Mimi nina mteja," akasema.

"Jumapili? Na klachi je?"

"Mtu wa kukanyaga unaye." Akaita jikoni, "Dada! Mumeo anakuhitaji!" Akaondoka, na nadhani mteja yule hajapatikana mpaka leo.

Mama alikuja, akasimama kando ya gari, mlango wa dereva ukiwa wazi. Miaka kumi na tisa alikuwa akikaa kiti cha pembeni.

"Niingie huku?"

"Ingia, mama. Ukanyage pedali ya kushoto nikikwambia."

Aliingia kwa kunyata, akakusanya gauni lake, akaweka mikono yote miwili mapajani ili isiguse kitu. Dereva akalala chali juu ya kipande cha boksi, akajisukuma chini ya gari mpaka ikabaki miguu tu nje.

"Kanyaga."

Akakanyaga.

"Achia. Kanyaga tena. Achia."

Nati ikazunguka nusu, ikazunguka robo. Juu yake aliliona tumbo jeusi la gari, na pale uso wake usipoonekana na mtu, maneno yaliyokataa mezani yakaanza kusogea.

"Mama."

"Nimekanyaga."

"Najua. Achia. Mama, si wewe."

"Si mimi nini?"

"Giaboksi." Alijipapasa mfukoni, akautoa ule uma, akanyoosha mkono kutoka chini ya gari akauweka sakafuni karibu na mlango. "Ona hicho chuma. Kinasukuma gia ya tatu na ya nne. Kimeliwa na mkono unaolala juu ya gia. Ni mkono wangu huo. Meno ya gia zako ni mazima mpaka leo, mdogo wako kayaona, na mimi nimeyaona. Hukuharibu kitu."

Chemchemi za kiti zililia, mama akiinama kuokota. Tone la mafuta lilimdondokea shavuni, hakulifuta.

"Jana nilikuuliza," mama akasema.

"Uliniuliza."

"Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimekishika mkononi. Nikaficha mfukoni. Niliona haya, mama. Naona haya hata sasa, ndiyo maana nasema nikiwa huku."

Alingoja tusi. Tusi lingemfaa, angelilipokea kama maji. Lakini sauti iliyoshuka kutoka juu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayehesabu nguo za kufua.

"Binti yako alipopata ile kazi ya kuzungukia zahanati za mbali, unakumbuka?"

"Si aliikataa mwenyewe?" Binti yao alikuwa muuguzi, ameolewa mji wa jirani.

"Walitaka mtu wa kuendesha gari la kazi. Alinipigia mimi kwanza. Akaniuliza, mama, nikajifunze? Nikamwambia, mwanangu, wewe una mkono wangu. Utaua gari la watu." Kile chuma kikagonga usukani. "Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu."

Dereva alifumba macho. Alitaka kutoka chini ya gari lakini hakuwa na uso wa kutokea nao. Mzaha alioutunga kuwachekesha watu wanne barazani ulikuwa umekwenda mbali kuliko gari lenyewe lilivyowahi kwenda, umefika mpaka kwa mtoto wake, umemshusha njiani. Machozi yalimtoka yakateremkia masikioni, maana aliyelala chali hulia kuelekea masikioni.

"Mpigie," mama akasema. Simu ikateremka kutoka mlangoni, imeshikwa kwa mkono mmoja.

"Nitampigia nikitoka."

"Sasa hivi. Huko huko uliko."

Akapiga. Binti akapokea akicheka, watoto wakipiga kelele nyuma yake. "Baba! Mzima? Gari limepona?"

"Limepona, mwanangu. Tumeona lililoliharibu."

"Si mkono wa mama?"

"Hapana." Alimeza mate. "Ni mkono wangu mimi. Mama yako hajawahi kuharibu kitu. Nilimsingizia, nikawachekesha watu kwa jina lake, na wewe ukaamini. Mkono wako hauna ubaya wowote, wala wake. Nisamehe. Kajifunze gari, mwanangu. Ile kazi..."

Mlango ulifungwa upande wa pili, kelele za watoto zikapungua.

"Ile kazi walishampa mtu, baba," binti akasema polepole. "Mwaka juzi." Kisha akasema, "Mpe mama simu."

Akairudisha juu. Hakusikia waliyoongea, mama alijibu "ee" na "ee" na "ndiyo, nimekishika hapa". Alipokata, hakusema binti amesema nini, na Dereva hakuthubutu kuuliza. Akamaliza kukaza nati, akatoka chini ya gari, akasimama, mafuta shavuni, macho mekundu, mtu mzima wa miaka sitini na minne. Akalishusha gari kutoka kwenye stendi kwa jeki, upande mmoja baada ya mwingine.

Mama alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha dereva. Akanyoosha kiganja dirishani.

"Funguo."

Dereva akazitoa mfuko wa shati, akazitia kiganjani, akazunguka akaingia kiti cha pembeni, ambacho hakuwahi kujua kwamba chemchemi yake moja inachoma. Leseni ya mama ilikuwa imekwisha muda zamani, hilo silifichi wala silisifu; lakini nyuma ya maghala kuna barabara ndefu ambako Jumapili hapiti hata kuku, na waliitafuta hiyo. Kirungu cha gia hakikuwa na namba tena, ikabidi akumbuke mwenyewe. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikakwaruza kwa sauti ile ile ya getini. Dereva alifungua mdomo, akaufunga. Mama akakanyaga klachi tena, mpaka chini, ya pili ikaingia. Ghala la kwanza likapita, la pili likapita, upepo ukaanza kuinua ukingo wa khanga, akatia ya tatu, laini, bila mlio.

Na pale pale mkono wa Dereva, bila kutumwa na mtu, ukainuka kutoka pajani ukaenda kutua juu ya gia.

Mama hakuondoa macho barabarani. Aliushika ule mkono kwa mkono wake mmoja, akauinua, akaurudisha kwenye paja la mwenyewe.

"Kaa nao," akasema, akatia ya nne.